Nani Anapanga Nauli Kilimani?

Kabla ya mwaka 2015, safari ya teksi Kilimani, mtaa wa Nairobi, ilianza kwa mapatano. Magari yenye mstari wa manjano ubavuni yaliegeshwa kwenye steji zake, karibu na maduka, hospitali na mahoteli, na abiria aliuliza bei kabla ya kufungua mlango. Mwenyeji alipunguziwa, mgeni akatajiwa bei ya mgeni, na mvua ikinyesha wote walilipa zaidi. Januari mwaka huo programu ya teksi ya Uber iliingia Nairobi, na tangu hapo bei imekuwa ikitoka kwenye simu.

Mtaa ulikuwa tayari kuipokea biashara hii. Tangu mwaka 2010, kituo cha teknolojia cha iHub kilikuwa kimewakusanya vijana waandishi wa programu katika jengo la Bishop Magua, barabara ya Ngong. Nyumba za zamani zenye bustani zilikuwa zikibomolewa kupisha maghorofa ya kupangisha, na wapangaji wake walikuwa na simu za kisasa na mazoea ya kulipa kwa M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka 2007. Kadi za benki hazikuwa mikononi mwa wengi, kwa hiyo mwaka 2015 Uber ikakubali pesa taslimu Nairobi, jambo ambalo haikuwa ikilifanya kwao Marekani. Mwaka 2016 kampuni ya Kenya, Craft Silicon, ilizindua programu ya teksi ya Little kwa kushirikiana na kampuni ya simu ya Safaricom. Taxify, ambayo sasa ni Bolt, nayo ikaingia sokoni.

Abiria alifaidika, tena sana. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku barabara ya Argwings Kodhek anaijua nauli kabla ya kuondoka, analijua jina la dereva na namba ya gari, na anaweza kumwonyesha ndugu yake njia anayopita. Watu ambao hawakuwahi kupanda teksi, kwa kuogopa bei, walianza kuzipanda. Soko lilipanuka na maelfu ya vijana wakapata kazi.

Lakini uwezo wa kupanga bei ulikuwa umehama, na madereva waliligundua hilo mapema. Julai 2016 Uber ilishusha nauli ya Nairobi kutoka shilingi 60 kwa kilomita hadi 35. Hoja yake ilikuwa kwamba bei ya chini italeta safari nyingi, na dereva atafidiwa na wingi huo. Hoja hiyo inamfaa mwenye programu, kwa sababu safari ya ziada haimgharimu petroli, matairi wala saa za kukaa kwenye msongamano wa Ring Road. Dereva hulipia vyote hivyo, na mara nyingi humlipa pia mwenye gari au benki iliyomkopesha. Migomo ikafuata, na Machi 2017 nauli ikapandishwa hadi shilingi 42.

Tuchukue mfano wa safari ya shilingi 400 kutoka Kilimani hadi katikati ya jiji. Kwa kamisheni ya asilimia 25, ambayo Uber ilikuwa ikitoza, dereva anabaki na shilingi 300 kabla ya mafuta. Kwa asilimia 18, ukomo uliowekwa na serikali baadaye, anabaki na 328. Tofauti ya shilingi 28 ni ndogo kwa safari moja, lakini kwa safari kumi ni shilingi 280 kila siku. Na mafuta hayakungoja: mapema mwaka 2015 lita ya petroli Nairobi ilikuwa chini ya shilingi 100, Oktoba 2023 ilivuka 217.

Serikali iliingilia kati mwaka 2022. Kanuni za mamlaka ya usafiri, NTSA, ziliweka ukomo wa kamisheni kuwa asilimia 18. Uber ilizipinga mahakamani, kisha ikashusha kiwango chake. Oktoba 2023 mamlaka hiyo ilisita kuipa Bolt leseni mpya kufuatia malalamiko kwamba ada ya kuagiza safari ilikuwa imewekwa juu ya kamisheni. Hapo ndipo udhaifu wa kanuni ulipoonekana. Kiwango cha kamisheni kilidhibitiwa, lakini nauli yenyewe ilibaki kwa kampuni, na asilimia 82 ya nauli ndogo bado ni pesa ndogo.

Agosti 2024 madereva waliamua kujipangia. Walichapisha chati za bei zao, wakazibandika ndani ya magari na kumweleza abiria kwamba nauli ya kwenye simu haitoshi. Bolt ikaongeza viwango vyake kwa asilimia 10. Wakati huohuo inDrive, programu ambayo ndani yake abiria na dereva hupatana bei, imepata wateja wake. Mapatano ya steji yamerudi, safari hii kwa kubonyeza.

Mabadiliko yanayofuata ni ya umeme. Agosti 2023 Uber ilianzisha huduma ya bodaboda za umeme Nairobi, katika nchi ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Gharama ya mafuta ikipungua, kuna mtu atakayenufaika. Swali ni kama atakuwa mwendeshaji, mwenye betri, au mwenye programu atakayeona nafasi ya kushusha nauli tena.

Kwa hiyo kanuni zijazo zisiishie kwenye kamisheni. Zitaje kiwango cha chini kwa kilomita na kwa dakika, kipitiwe upya kila bei ya mafuta inapobadilika, kama mamlaka ya nishati, EPRA, inavyotangaza bei ya petroli kila mwezi. Zilazimishe kampuni kumwonyesha dereva hesabu kamili ya kila safari, na kumpa nafasi ya kusikilizwa kabla akaunti yake haijafungwa. Abiria wa Kilimani atalipa zaidi kidogo. Ni haki alipe, kwa sababu unafuu alioupata kwa miaka hii yote haukutoka kwa programu peke yake. Sehemu yake kubwa imetoka mfukoni mwa dereva.