Faida ya Hesabu za Maumbo na Aljebra kwa Watu wa Pwani

Wazazi wengi wa Malindi, Kilifi na vijiji vya mashambani huwaona watoto wao wa madarasa ya juu wakirudi jioni na madaftari yaliyojaa michoro ya ajabu: duara lililopandishwa juu ya duara, sanduku lenye mistari ya nukta nukta, na herufi zilizochanganywa na tarakimu kana kwamba mwalimu amesahau kama somo lilikuwa la hesabu au la kusoma. Mzazi huuliza, "Haya yatamfaa nini mtu?" Mara nyingi mtoto hana jibu, maana tangu darasa la nne amefundishwa hesabu kwa Kiingereza, na maneno aliyoyasikia darasani hayakupata kufika jikoni wala shambani.

Swali la mzazi ni la haki, nalo lastahili jibu. Hesabu za maumbo humwezesha mtu kujua chombo kitachukua kiasi gani kabla hakijatengenezwa. Aljebra humwezesha kuipata hesabu iliyofichika kwa kutumia zile zilizo wazi. Mwenye elimu hizo mbili hapati alama za mtihani peke yake, bali hulinda fedha zake, nafaka yake na maji yake.

MAUMBO NA MAJINA YAKE

Umbo lililochorwa juu ya karatasi, kama mraba au duara, lina urefu na upana tu. Vitu vya dunia vina kimo pia, na nafasi iliyomo ndani yake huitwa ujazo. Sanduku lenye pembe za mraba huitwa mche mstatili, na pande zake zote zikiwa sawa huitwa mchemraba. Kopo, tangi na kisima cha mviringo huitwa mcheduara, kwa kuwa kila kimoja ni kama duara lililoinuliwa juu. Chungwa na mpira ni tufe. Umbo lenye kitako cha duara na ncha moja huitwa pia, na jina hilo halikutoka mbali: ni ile pia wanayoichezea watoto.

Wenyeji wa Malindi wanao mfano wa umbo hilo mbele ya macho yao. Nguzo ya Vasco da Gama, iliyo kwenye rasi ya Malindi, ni kama pia kubwa iliyosimamishwa na kuwekewa msalaba wa jiwe kileleni. Na huko Mnarani, kando ya hori ya Kilifi, miongoni mwa magofu limo kaburi la nguzo yenye pande nane, ambayo ni mche wa pande nane.

Maumbo yote yaliyosimama wima, yenye upana ule ule toka chini hadi juu, yana kanuni moja: litafutwe eneo la kitako, kisha lizidishwe kwa kimo. Kitako kikiwa duara, nusu kipenyo huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa 22/7. Hesabu hiyo ya 22/7 si kamili, lakini iko karibu sana na uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake, nayo yatosha kwa kazi za mafundi. Umbo la pia lenye kitako na kimo sawa na cha mcheduara huchukua theluthi moja tu ya mcheduara huo. Asiyeamini na atengeneze pia ya karatasi ngumu, aijaze mchanga na kuumimina katika kopo la kitako na kimo kile kile: ataijaza pia hiyo mara tatu ndipo kopo lijae.

KOPO LA MFUTO NA KOPO LA KICHUGUU

Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba. Vibaba 2 vilikuwa kisaga 1, na visaga 2 vilikuwa pishi 1. Nao walijua sana tofauti ya kipimo cha mfuto, yaani kilichosawazishwa juu kwa kijiti, na kipimo kilichorundikwa mpaka kikafanya kichuguu. Hata leo mkulima wa Ganze au Magarini auzaye mahindi kwa kopo huombwa na mnunuzi aongeze kidogo juu, naye huongeza akidhani ni adabu tu ya biashara. Je, hicho kidogo ni kiasi gani?

Na lichukuliwe kopo lenye kipenyo cha sentimita 14 na kimo cha sentimita 14. Nusu kipenyo ni 7. Eneo la kitako ni 22/7 mara 7 mara 7, yaani sentimita za mraba 154. Ujazo wa kopo ni 154 mara 14, yaani sentimita za ujazo 2,156, ambazo ni zaidi kidogo ya lita 2. Kichuguu kilicho juu yake ni umbo la pia lenye kitako kile kile, na kimo chake na kiwe sentimita 6. Theluthi ya 154 mara 6 ni sentimita za ujazo 308. Sasa 2,156 zikigawanywa kwa 308, jawabu ni 7 kamili.

Maana yake ni kwamba kila vichuguu 7 ni kopo zima. Mkulima aliyelipwa makopo 7 ametoa 8, na aliyelipwa makopo 70 ametoa 80. Hakuna aliyemwibia usiku. Ametoa kwa mkono wake mwenyewe mchana, kwa kutojua ujazo wa pia. Ajuaye hesabu hiyo huuza kwa mizani au kwa kipimo cha mfuto, au hutaja bei ya kichuguu mapema.

HERUFI NI NINI?

Neno aljebra ni la Kiarabu, nalo lilitoka katika jina la kitabu kilichoandikwa Baghdad na mwanachuoni Al-Khwarizmi wakati wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 mpaka 833. Maana ya neno hilo ni kurudisha kitu mahali pake, na lilitumiwa hata kwa kazi ya kuunga mifupa iliyovunjika. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilihusu mirathi, jambo ambalo watu wa pwani walijua vema tangu zamani.

Basi mfano na uwe wa mirathi. Mtu amekufa akaacha minazi. Baada ya madeni, wasia na mafungu ya warithi wengine kutolewa, imebaki minazi 84 ya kugawanywa kwa wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na kwa sheria ya Kiislamu fungu la mwana wa kiume ni mara mbili ya fungu la binti. Fungu la binti halijulikani. Basi huitwa x. Fungu la mwana wa kiume ni 2x. Wana wawili wapata 4x, na mabinti watatu wapata 3x, jumla 7x. Kwa hiyo 7x = 84, na x = 12. Kila binti apata minazi 12, na kila mwana wa kiume 24. Ili kuhakikisha, 12 mara 3 ni 36, na 24 mara 2 ni 48. Jumla ni 84. Hakuna mnazi uliopotea, wala neno la kugombanisha ndugu.

Alama ya usawa katika hesabu hizo ni kama mizani. Kinachoongezwa upande mmoja sharti kiongezwe upande wa pili, na kinachopunguzwa vile vile. Mtoto akilishika neno hilo moja ameshika nusu ya aljebra.

Herufi hutumika pia kuandika kanuni inayofaa kwa hesabu yoyote. Katika magofu ya Gede, kusini ya Malindi, limo kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra. Kwa kuwa mwaka wa Hijra hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, haitoshi kuongeza 622 tu. Kanuni ni M = H - H/33 + 622, ambapo H ni mwaka wa Hijra na M ni mwaka wa Miladi. Mahali pa H huwekwa 802. Sehemu ya 33 ya 802 ni karibu 24; 802 kutoa 24 ni 778; kuongeza 622 ni 1400. Na kweli, mwaka huo wa Hijra ulianza Septemba 1399 ukaisha Agosti 1400. Kwa kanuni ya mstari mmoja, mwanafunzi aweza kujua umri wa jiwe.

TANGI LA MAJI YA MVUA

Lakini mahali ambapo elimu hizi mbili hukutana, na ambapo kosa huumiza zaidi, ni katika maji. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 ulizipata kaunti nyingi kavu za Kenya, Kilifi ikiwamo, na wenye matangi waliona kwamba kuwa na tangi si sawa na kuwa na maji ya kutosha.

Na ifikiriwe nyumba ya watu 6, kila mtu akitumia lita 20 kwa siku, yaani mtungi mmoja. Nyumba hiyo yatumia lita 120 kwa siku. Januari, Februari na Machi, miezi ya kaskazi na jua kali, ni siku 90. Kwa hiyo maji yanayohitajiwa ni 120 mara 90, yaani lita 10,800.

Fundi anajenga tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 2. Eneo la kitako ni mita za mraba 1.54, na ujazo ni mita za ujazo 3.08, yaani lita 3,080, kwa kuwa mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Siku zitakazopatikana na ziitwe s: 120s = 3,080, na s ni 25 na kitu. Kabla Januari haijaisha, tangi limekauka.

Mwenye nyumba aona afadhali kukuza tangi mara mbili. Akiongeza kimo kiwe mita 4, atapata lita 6,160, ambazo ni siku 51. Akiacha kimo kile kile cha mita 2 na kuongeza kipenyo kiwe mita 2.8, atapata lita 12,320, ambazo ni siku 102. Ukuta wa tangi refu na ukuta wa tangi pana ni sawasawa, mita za mraba 17.6 kila mmoja. Lakini lile pana lachukua maji mara mbili ya lile refu, maana nusu kipenyo huzidishwa kwa yenyewe. Ni kweli kwamba kitako na kifuniko cha tangi pana ni vikubwa zaidi, na ukuta wake wahitaji chuma cha kutosha, kwa hiyo fundi aulizwe. Hata hivyo ni lile pana tu litakalovuka siku 90.

Limebaki swali la paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1. Paa la mabati la mita 12 kwa 7 lina mita za mraba 84. Ikiwa sehemu 2 katika kila 10 zitapotea kwa kumwagika na kwa kuosha paa, kila milimita italeta lita 67.2. Milimita zinazotakiwa na ziitwe m: 67.2m = 10,800, na m ni karibu 161. Basi mwenye nyumba ajua kwamba katika vuli sharti ipatikane mvua ya milimita 161, mbali na maji yatakayotumiwa wakati ule ule. Ikinyesha pungufu, ataanza kuyabana maji mapema, wala hatangoja mpaka kata igonge sakafu.

MAKOSA YA KUEPUKWA

Wanafunzi wengi huikosa hesabu hizi si kwa ugumu wake bali kwa haraka. Wako wanaotumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo, na jawabu lao huwa mara nne ya kweli. Wako wanaochanganya sentimita na mita. Na wako wanaopata x wasiirudishe katika hesabu ya kwanza ili kuona kama mizani imesimama sawa. Mzazi asiyejua aljebra aweza kumsaidia mtoto kwa kumuuliza maneno mawili tu: "Umepima kwa kipimo gani?" na "Umehakikishaje?"

Jioni moja mzazi na mtoto na wajaribu hesabu hii. Hodhi ya mstatili ina urefu wa mita 3 na upana wa mita 2. Kimo chake kiwe x. Je, x iwe ngapi ili hodhi ichukue zile lita 10,800? Kitako ni mita za mraba 6. Lita 10,800 ni mita za ujazo 10.8; basi 6x = 10.8, na x ni mita 1.8. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ajuaye ujazo wa kibaba chake ajua pia ni haba ngapi zitakazokijaza.