Hina, mwarobaini na chuma cha Eastlands

Wapwani wenzangu mnaoishi Eastlands mmezizoea kelele za nyundo. Kamukunji wanafua masanduku na majiko, Kariobangi wanachomelea mageti. Lakini iko kazi ya chuma isiyo na kelele, nayo ina hatari yake: kuondoa kutu kwa tindikali.

Chuma kinachotiwa zinki ni lazima kitolewe kutu kwanza. Kikitumbukizwa kwenye tindikali, kutu huyeyuka. Shida ni kwamba tindikali haitosheki. Ikishamaliza kutu hula chuma chenyewe na kutoa hidrojeni, hewa inayoshika moto upesi. Chuma hukonda, na tindikali huisha nguvu kabla ya wakati.

Viwandani hutiwa dawa ya kuzuia uharibifu huo, ila baadhi ya dawa hizo ni sumu. Ndiyo sababu watafiti wamegeukia mimea, na miongoni mwake imo tunayoijua sisi: hina, mwarobaini na mshubiri.

Hapa hakuna uganga. Majani yakichemshwa hutoa tanini na viambata vingine vyenye oksijeni au nitrojeni. Maji hayo yakitiwa ndani ya tindikali, viambata hushika uso wa chuma, kama hina inavyoshika kiganja cha bibi harusi, vikawa utando mwembamba unaoipunguza kasi tindikali. Kipimo chake ni mizani: kipande kisichokingwa kikipoteza gramu 10, na kilichokingwa gramu 2, kinga ni asilimia 80.

Mipaka ipo. Joto likizidi, mara nyingi utando hubanduka. Maji ya majani huoza yakiwekwa. Na tindikali ni tindikali tu. Glavu na miwani haviachwi. Wala tusipake hina mabati ya nyumbani Pwani: yale yanaliwa na chumvi ya bahari, na hiyo ni habari nyingine.

Kwa nini nawaandikia haya? Tindikali iliyochoka ikimwagwa mtaroni huishia Mto Nairobi. Mto huo huingia Athi, Athi ikawa Sabaki, na Sabaki humwaga baharini karibu na Malindi. Tindikali inayodumu zaidi humwagwa mara chache zaidi. Kwa hiyo vyuo vyetu vya ufundi vikikaa na mafundi wa Eastlands kuyajaribu majani haya, faida itamfikia hata mvuvi wetu.