Kubana Shi: Neno la Kisambaa la Kudhuru Nchi

Msomaji wa Kiswahili amsikiapo Msambaa wa Lushoto akitamka kubana shi, huelekea kudhani ya kuwa kuna kitu kilichobanwa, kama kwa koleo. Sivyo. Shi ni nchi, pamoja na udongo wake na watu wake. Kubana hapa ni kuitia madhara. Kinyume chake ni kuzifya shi, yaani kuiponya nchi.

Steven Feierman ameyaeleza maneno hayo kwa urefu katika kitabu chake juu ya wakulima wa Usambara, kilichotoka mwaka 1990. Katika fikira za Wasambaa wa zamani, mtendaji hasa ni mfalme. Mwenye dawa za mvua aweza kuileta, na aweza kuizuia. Basi uwezo wa kuponya na uwezo wa kudhuru ni mmoja. Mfalme wa ukoo wa Kilindi aliyewashinda wapinzani wake, akakaa Vugha akiletewa kodi, huiponya nchi, maana imekwisha kuwa yake. Lakini watawala wakishindana, nguvu kwa nguvu, kila mmoja huharibu mvua ya mwenziwe, na njaa huwashukia wasiohusika. Kimweri ye Nyumbai alikufa mwaka 1862. Baadaye Semboja wa Mazinde akapigana na jamaa zake, na watu wengi wakauzwa utumwani. Huko ndiko kubana shi.

Je, Kiswahili kina neno la kulingana nalo? Kudhuru, lenye asili ya Kiarabu, humwelekea zaidi mtu na afya yake. Tena limechakaa vinywani, hata haidhuru imekuwa sawa na kusema "si kitu". Kuangamiza lapita kiasi, kwani nchi iliyobanwa yaweza kuponywa. Kuharibu nchi ndiyo tafsiri iliyo karibu, ingawa haitaji mvua wala mamlaka, na mfasiri hana budi kuyaongeza.

Kosa la tafsiri hapa si dogo. Mradi wa kuzuia mmomonyoko ulipoanzishwa bonde la Mlalo mwaka 1946, na wakulima wakalazimishwa kupiga matuta, serikali ya Kiingereza ilipima madhara ya nchi kwa udongo uliochukuliwa na maji. Katika kubana shi, udongo ni sehemu tu ya jambo. Kinachoulizwa kwanza ni nani aliyeidhuru.