Barafu Inayozuia Baridi

Kwa wiki tatu friji yetu ndogo ya mvinyo hapa Kitengela ilinichanganya. Chupa za juu zilikuwa vuguvugu, ilhali ukuta wa ndani kule nyuma ulikuwa umevaa jalidi nene kama ubao wa kukatia sukuma. Kompresa ilinguruma usiku kucha. Ajabu ni kwamba kila stima ilipopotea kwa saa kadhaa, friji ilirudi nzima, ikapoza vizuri siku mbili, kisha ikaanza tena.

Nilipomsimulia fundi, aliweka bisibisi chini. "Mama, hapo umeshanitajia ugonjwa wenyewe."

Wengi wetu tukiona barafu nyingi tunadhani baridi imezidi. Kumbe barafu ndiyo inayoifungia baridi nje. Kinachonyonya joto ni bamba la alumini lililo nyuma, na alumini hupitisha joto karibu mara 100 zaidi ya barafu. Jalidi imejaa hewa, kwa hiyo ni mbaya zaidi: ni blanketi. Feni inapuliza, hewa inaishia kwenye blanketi, chupa hazipati kitu.

Friji kubwa ya jikoni isiyoganda huwa na hita ya kuyeyusha jalidi. Friji nyingi za mvinyo hazina, kwani hazihitaji. Ndani ni nyuzi 12 hivi. Kompresa ikizima, hewa hiyo hiyo inayeyusha jalidi, maji yanateremka kwenye kitundu hadi trei iliyo nyuma, na joto la kompresa linayakausha. Yaani friji hii hujisafisha inapopumzika. Yetu haikuwa inapumzika mpaka stima ikatike.

Nini kiliinyima usingizi? Fundi alibana karatasi mlangoni na kuivuta. Mpira ulishika vizuri. Alipangusa vumbi la nyuma, na vumbi la Kitengela mnalijua, lakini halikuwa hilo. Ikabaki sensa, kitu kidogo kama punje ya maharagwe kinachoiambia friji joto la ndani.

Aliichovya kwenye glasi ya maji yenye barafu tele, akakoroga, akasubiri. Napenda kipimo hiki. Hapa tuko takriban mita 1,500 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo birika lingetudanganya. Barafu haidanganyi: huyeyuka kwenye sifuri hapa, Kajiado mjini na hata Mombasa. Sensa ya aina ile, yenye omu 10,000 kwa nyuzi 25, ingepaswa kusoma kama omu 33,000 kwa sifuri. Mita ilionyesha 18,000. Unyevu ulikuwa umeingia ndani yake, na ikiwa katikati ya barafu ilikuwa ikiripoti nyuzi 12. Friji iliamini haijafika, ikaendelea kukimbia.

Kabla ya kuweka sensa mpya tuliacha mlango wazi hadi barafu iishe yenyewe. Tafadhali usiichokoe kwa kisu. Friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya isobutani, inayowaka moto, na bamba lile ni jembamba. Ukilitoboa umeiua friji na kujihatarisha.

Usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, kompresa ilizima yenyewe. Baada ya dakika chache nilisikia matone kwenye trei.