Poda, Sarafu na Usingizi wa Mbeba Dagaa

Katika mialo ya Chato, mwezi ndio unaopanga nani alale na nani akeshe. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hufuata mwanga, wavu ukawazoa. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima linang'aa na taa ya mvuvi haina cha kuwaambia dagaa. Basi mitumbwi hupumzishwa siku kadhaa, nyavu zikashonwa, watu wakapata nafasi ya harusi na ya kudaiana. Giza likirudi, kazi nayo imerudi. Kabla ya alfajiri mitumbwi ya kwanza inafika, na pale Kasenda au Muganza lazima awepo mtu aliye macho wa kupokea ndoo.

Sasa tumtunge kijana mmoja. Ni wa kubuni na jina hana, lakini ukienda mwaloni utamkuta tu. Ana miaka 22, anabeba dagaa kutoka mtumbwini hadi kwenye vichanja vya kuanikia, na analalamika kwamba hapati usingizi. Siku ya mnada anaisikia spika. Ile spika mnaijua: imefungwa kwenye pikipiki, sauti imerekodiwa, inataja ganzi, presha, kiuno, vidonda vya tumbo na kukosa usingizi bila kuvuta pumzi, kisha inaanza upya. Chini yake yamepangwa makopo. Kijana ananunua moja. Lebo inasema magnesiamu.

Usiku ule anakoroga kijiko kimoja kwenye uji, analala fofofo. Kesho yake vilevile. Siku ya tano amekwisha kuwa mpiga debe wa bure. Kila anayepiga mwayo mwaloni anaelekezwa kwenye lile kopo.

Kitu kimoja hakukitazama, nacho kilikuwa juu ya kichwa chake. Kopo alilinunua siku mbalamwezi ilipoanza kuwa kali. Mitumbwi imepandishwa mchangani, hakuna wa kumgongea mlango saa tisa usiku, hakuna kelele za wanunuzi. Angekunywa maji ya kisima angelala hivyohivyo. Giza linarudi, usingizi unakatika tena, naye anasema mwili umeshaizoea dawa, kwa hiyo anaongeza kijiko cha pili, kisha cha tatu. Magnesiamu ikizidi huharisha. Sasa anaamka usiku kwa sababu nyingine kabisa.

Msimcheke sana. Kujifanyia majaribio mwenyewe kuna historia ya heshima. Mwaka 1984, huko Perth, Australia, daktari Barry Marshall alikunywa maji yenye bakteria aina ya Helicobacter pylori, kwa sababu wenzake walikataa kuamini kwamba kijidudu kinaweza kuleta vidonda vya tumbo. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na kipande kilichokatwa tumboni mwake kilionyesha uvimbe na wale bakteria wakiwa wamejaa. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini tazameni tofauti. Jambo alilolitafuta Marshall lilikuwa kubwa, lilikuja haraka, na aliyelithibitisha ni mtu mwingine mwenye darubini. Usingizi hauna kipande cha kukata. Mtu anayetoa ushahidi kuhusu usiku wake ni yuleyule aliyekuwa amelala, amelipia kopo, na anatamani sana lifanye kazi.

Na spika huwa na mashahidi, tena watu wa kweli wanaosema kweli. Hapa nataka tuchukue sarafu, maana ndipo penye utamu. Chukueni darasa la wanafunzi 64, kila mmoja na sarafu ya shilingi 200. Wote warushe mara moja. Walioangukiwa na upande wa kichwa, karibu 32, wabaki wamesimama, wengine wakae. Warushe tena, watabaki kama 16. Kisha 8, kisha 4. Mrusho wa tano wanabaki wawili hivi, na kila mmoja amepata kichwa mara tano mfululizo. Sarafu zao ni za kawaida, mikono yao ni ya kawaida. Sasa badala ya kichwa weka "nimelala vizuri", na badala ya mrusho weka usiku. Watu 64 wamenunua poda isiyofanya chochote, na wawili kati yao wamelala vizuri usiku tano mfululizo. Hao wawili ndio watakaorudi mnadani kushukuru, na ndio watakaopewa kipaza sauti. Wale 62 wako nyumbani, na hakuna anayepiga simu kumwambia mchuuzi kwamba hakuna kilichotokea.

Kijana wetu ana dada yake mkubwa, muuza uji pale sokoni, mwanamke wa hesabu. Alipoona kopo la pili linanunuliwa, akasema:

"Mdogo wangu, hii poda ikusaidie au isikusaidie, mimi nataka kujua. Kesho nenda duka la dawa muhimu, muulize mhudumu kama kopo hili limesajiliwa na kijiko kimoja kinazidi kipimo au la. Mwambie na habari ya figo, kama una tatizo. Ukirudi nitakupikia uji, na hutajua nimeweka nini."

"Dada, si unaniamini?"

"Nakuamini. Wewe ndiye unayejiamini kupita kiasi."

Mpango wake ulikuwa hivi. Kila jioni kijana anapata kikombe cha uji wa ulezi wenye limau na sukari. Usiku mmoja ndani yake kuna poda, usiku unaofuata kuna unga wa muhogo wa kiasi kilekile, au kinyume chake. Ipi itangulie, sarafu inaamua, na anayeirusha ni dada akiwa peke yake. Anaandika kwenye kauntabuku yake na kuifungia kabatini. Usiku mbili zinahesabiwa kuwa jozi moja, na kila jozi inatoa mshindi mmoja: usiku upi ulikuwa na usingizi bora. Jozi zinakuwa 20.

Kwa nini jozi? Kwa sababu mwezi wa leo na wa kesho haupishani sana. Ikiwa ni giza, usiku zote mbili zina mitumbwi. Ikiwa ni mbalamwezi, zote mbili zimetulia. Hivyo poda inashindana na muhogo kwenye uwanja uleule. Na jozi 20 ni usiku 40, zaidi ya mzunguko mzima wa mwezi, ambao ni siku 29 na nusu. Mwanamke huyu hakusoma takwimu, ila ameuza uji miaka mingi, anajua kwamba ukilinganisha mauzo ya siku ya mnada na ya siku isiyo ya mnada unajidanganya mwenyewe.

Upande wa kijana kazi ni moja: asubuhi, kabla ya kushika simu na kabla ya kuongea na mtu, anaandika namba kati ya 0 na 10. Hapo ulizuka ubishi. Kijana alitaka kila usiku alioamka katikati uhesabiwe mbovu. Dada akakataa, na sayansi iko upande wake. Mwaka 2017 watafiti, akiwemo David Samson na Alyssa Crittenden, walichapisha matokeo ya Wahadzabe wa pembeni ya Ziwa Eyasi, si mbali sana na Shinyanga. Watu wazima 33 walivaa mkononi vifaa mfano wa saa, vinavyorekodi mwili unapotulia na unapochezacheza, kwa siku 20. Katika muda huo wote, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa usingizini kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Kila saa ya usiku alikuwepo anayejigeuza, anayenyonyesha, anayechochea moto. Kuamka usiku na kulala tena ni jambo la binadamu. Basi wakakubaliana kwamba namba itolewe kwa jinsi mwili unavyojisikia asubuhi.

Huku kwetu hila kama hii ya dada, ya kumficha mpimaji, ilipata kusikika dunia nzima. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa hapahapa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina na umri wa watu, wapimaji wasijue, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na korona. Mkuu wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, John Nkengasong, alisema vipimo vilikuwa vinafanya kazi vizuri. Mimi naona hivi: kumficha mpimaji jina ni wazo zuri la kisayansi, lakini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupeleka pia, chini ya pazia hilohilo, sampuli nyingi za binadamu ambazo majibu yake yanajulikana, walio na ugonjwa na wasio nao, ndipo useme kipimo kinakosea mara ngapi. Papai peke yake halitoshi. Ndiyo maana dada hakuweka poda tu kila siku akasubiri sifa. Aliuweka na muhogo.

Akaongeza jambo ambalo hata wataalamu husahau. Kila asubuhi kijana akisie: jana ilikuwa poda au muhogo? Akipatia karibu zote, ina maana ladha imemsaliti, pazia limetoboka, na matokeo hayafai.

Kabla sijawaambia yaliyotokea, ninyi wa shule: poda na vidonge msivijaribu. Jifunzieni kwa sarafu. Na kuna kukosa usingizi ambako hata mtu mzima hapaswi kukufanyia majaribio. Mbung'o wangali katika mapori ya huku, hifadhi ya Burigi-Chato ikiwemo, na malale wanayoeneza hugeuza saa za mwili: mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Mtu aliyetoka porini, ana homa, kichwa kinauma na usingizi wake umegeuka, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo, si wa kauntabuku.

Katikati ya majaribio jirani alimletea kijana vidonge vya melatonini, vimetoka Uarabuni kwa ndugu. Dada akavizuia, na alifanya vyema, maana hiyo haiko kundi moja na magnesiamu ya kwenye mchicha, karanga na mbegu za maboga. Melatonini ni homoni. Aliyeitenga, Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1958, wala hakuwa akitafuta usingizi. Alikuwa daktari wa ngozi anayetaka kujua rangi ya ngozi inaongozwa na nini, naye aliipata kwenye tezi ndogo za ubongo wa ng'ombe, zilizokusanywa kwa maelfu. Jambo la kupendeza ni kwamba kila mmoja wetu anaitengeneza bure. Giza likiingia tezi hiyo inaanza kuimwaga kwenye damu, mwanga mkali ukipiga jicho inapunguza. Kijana alikuwa anaangalia mpira kwenye simu hadi saa sita usiku.

Siku ya kufungua kabati ilifika. Wakaweka kauntabuku mbili mezani, wakasoma jozi moja moja. Kukisia alipatia karibu nusu, kwa hiyo pazia lilikuwa zima. Poda ilishinda jozi 11. Muhogo ukashinda 9.

"Nimeshinda!" akasema kijana.

Dada akampa sarafu, akamwambia airushe mara 20. Vikatoka vichwa 12. Akamuuliza sarafu hiyo imekunywa poda gani. Ukirudia mchezo huo mara 100, mara 41 hivi utapata vichwa 11 au zaidi bila sababu yoyote. Poda ingeshinda jozi 15, hapo angenyamaza, kwa maana sarafu tupu hufika huko mara 2 hivi tu katika 100. Jaribio hilo halikuthibitisha kwamba magnesiamu haifai kwa mtu yeyote. Mtu ambaye mwili wake umepungukiwa huenda angepata majibu mengine. Lilionyesha kwamba kwa mbeba dagaa huyu, kama msaada upo, ni mdogo kuliko kelele za usiku wenyewe, na kopo lina bei.

Jaribio la pili walipanga siku hiyohiyo: usiku mmoja simu inazimwa saa tatu, usiku mwingine inaachwa, sarafu ikiamua. Ugumu waliuona mapema. Poda unaweza kumkorogea mtu kwenye uji asijue. Simu iliyozimwa kila mtu anajua imezimwa, hivyo namba ya asubuhi itabeba matumaini yake ndani. Dada akawaza kidogo, akasema kijana asijipe namba tena. Yeye ndiye atakayeandika saa ambayo mlango wa chumba umefunguliwa, na mara ngapi ilimlazimu kuugonga.