Kabla Hujabadilisha Springi, Pima Mzigo

(Muziki wa kufungua. Unashuka.)

Msikilizaji, na wewe pia unayesoma karatasi hii ubaoni kwa sababu umeme ulikatika wakati kipindi kikiwa hewani. Leo tunaongea na madereva, na wenye magari, na wale ambao hawana gari ila wana hisa ndani ya gari. Hapa Kampala tupo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, na wengine wetu tumechanga akiba zetu tukanunua gari la mitumba lituzalishie.

Mimi nimo katika kikundi kama hicho. Tuko kumi na wanne, wengi wao akina mama, na baada ya miaka mitatu ya kuweka akiba kila Jumapili tulinunua Land Cruiser moja ndefu ya dizeli, ile ya namba 78. Inafanya kazi mbili. Siku za kawaida inapeleka watu na mizigo Nakivale, kule Isingiro. Mara moja moja wageni wanaikodi kwa safari ndefu za kulala njiani, hema juu ya paa, maji na chakula nyuma, mpaka mbuga ya Kidepo mwisho kabisa wa kaskazini mashariki.

Mwezi uliopita dereva wetu alirudi akasema, "Gari linakaa chini nyuma, na linaruka ruka kama mbuzi." Fundi akamwangalia akasema dawa ni moja: toa springi zote za kiwandani, weka nzito, inua gari sentimita tano. Bei yake ilikuwa karibu akiba yote iliyobaki katika sanduku. Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na pesa za bima, na pesa ambazo mama watatu walikuwa wameomba kukopa kwa ajili ya ada za watoto.

Je, tununue? Swali hilo ndilo kipindi cha leo.

(Muziki mfupi.)

Kwanza tuelewane juu ya vitu vyenyewe, kwa sababu watu wengi wanavichanganya.

Springi inabeba uzito. Kazi yake ni kushikilia gari juu na kulainisha pigo la shimo. Shokapu haibebi uzito. Shokapu, ambayo ndugu zangu kutoka Kongo wanaiita amotisa, inatuliza springi. Ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na hivyo ule mrusho wa springi unageuka kuwa joto. Bila shokapu, gari likiruka mara moja linaendelea kuruka. Kwa hiyo gari lililokaa chini lina tatizo la springi au la mzigo. Gari linaloruka ruka mara nyingi lina tatizo la shokapu. Hizo ni dalili mbili, na pengine dawa mbili. Fundi anayekuambia dawa ni moja kabla hajaingia chini ya gari, muulize maswali.

Jambo la pili, kwa wanaokwenda Kisekka kutafuta spea: jua gari lako ni la lini. Land Cruiser za namba 75, zile za zamani, zina springi za majani mbele na nyuma. Zile za 78 na 79 zilizoanza mwaka 1999 zina springi za koili mbele na majani nyuma. Ukitaja "Land Cruiser" tu dukani, unaweza kurudi nyumbani na kitu kisichoingia.

Sasa, mtu wa kiwandani alipochagua springi, alifikiria gari tupu na gari lililojaa, akachagua ugumu unaofaa katikati. Kwenye kibati cha gari, au katika kitabu chake, kuna uzito wa juu unaoruhusiwa: gari, watu, mafuta na mzigo, vyote pamoja. Ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kupakia. Wengi wetu hatujawahi kukisoma kibati hicho. Tunapakia kwa macho, tukiona pana nafasi tunaongeza mtu.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa gari ni hivyo hivyo. Sisi tunaona wepesi kwa sababu anayebeba ni chuma.

Chukua kalamu tufanye hesabu ya safari yetu moja. Watu wanane, kila mmoja kilo 70, hao ni 560. Jerikeni nne za maji za lita 20, kilo 80. Jerikeni mbili za dizeli, kama kilo 34, kwa sababu dizeli ni nyepesi kuliko maji. Hema la juu ya paa, 60. Keria ya chuma linapofungwa hema, 40. Tairi la pili la akiba, 35. Chakula, sufuria, mabegi, mtungi wa gesi, tuseme 120. Jumlisha. Ni kilo 929, na bado hujahesabu mafuta yaliyo ndani ya tanki. Tanki moja la lita 90 likijaa ni kilo 75 hivi nyingine.

Tulipofanya hesabu hii kwenye mkutano, mama mmoja aliuliza, "Kwa hiyo lile hema ni sawa na mimi kukaa juu ya paa safari nzima?" Ndiyo, mama. Na uzito wa juu ya paa ni mbaya kuliko wa chini, kwa sababu unalivuta gari upande kila linapokata kona.

(Muziki mfupi.)

Hapa nitasimulia kitu, halafu tutarudi kwenye springi.

Mjomba wangu alikuwa na pickup. Ilikuwa inabeba maharage na watu, ikakaa chini nyuma. Gereji moja ikamwongezea majani mawili mazito ya springi kila upande. Gari likasimama wima, likapendeza. Kwa sababu lilikuwa limesimama wima, aliamini limepata nguvu, akaanza kupakia zaidi. Siku moja tulipeleka mzigo, tukawa tunarudi tupu, watu wanne tu, kwenye murram iliyokuwa imejikunja kama bati la paa. Kulikuwa kumenyesha. Kwenye kona, nyuma ya gari ilihama kana kwamba mtu ameisukuma. Tukaishia mtaroni. Shangazi alivunjika mkono. Pickup iliuzwa kama chuma. Ada yangu ilikuwa inatoka kwenye pickup ile, ndiyo maana masomo yangu yaliishia kidato cha nne.

Kwa miaka mingi nilisema ni mvua. Sasa naelewa zaidi. Springi ngumu sana kwenye gari tupu haibonyei. Gurudumu likigonga wimbi moja la barabara linarushwa juu, na kabla halijarudi chini, wimbi la pili limefika. Tairi lililoko hewani haliwezi kushika breki, wala kushika kona.

Kuna na jambo la breki. Kwenye pickup na Land Cruiser nyingi kuna vali ndogo ya breki, imeunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Nyuma ikishuka kwa mzigo, vali inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua nyuma kwa springi nzito na fundi asirekebishe fimbo hiyo, vali inadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Breki za nyuma zinafanya kazi kidogo pale unapozihitaji zaidi.

Na hili ndilo ningependa ulibebe kutoka kipindi cha leo: springi nzito haibadilishi uzito unaoruhusiwa. Breki ni zile zile. Ekseli ni ile ile. Beringi na chasisi ni zile zile. Gari lililokaa chini lilikuwa linakuambia kitu. Ukiweka springi ngumu ili lisimame wima, hujalipunguzia mzigo, umelinyamazisha tu.

(Muziki mfupi.)

Basi ufanye nini? Fuata mpangilio huu, na usiruke hatua.

Hatua ya kwanza, chukua futi ya fundi nguo. Gari likiwa tupu, mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Magurudumu yote manne. Andika. Pakia kama unavyopakia siku ya safari, pima tena. Kama upande mmoja uko chini kuliko mwingine hata gari likiwa tupu, tafuta jani lililovunjika au springi iliyochoka. Hiyo unabadilisha, na unabadilisha pande zote mbili, kwa kipimo cha kiwandani.

Hatua ya pili, ingia chini na tochi. Shokapu yenye mafuta yanayotiririka imekufa. Angalia raba za bushi kama zimepasuka, na boliti zinazofunga majani kwenye ekseli kama zimelegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta: bushi ya bei ndogo ikiachwa, inakula vitu vya bei kubwa.

Hatua ya tatu, tafuta mizani ya magari, ile ya kupimia malori. Maghala makubwa ya nafaka na baadhi ya viwanda wanazo, nenda ukaombe. Pima gari zima likiwa limepakiwa, kisha ekseli ya nyuma peke yake. Linganisha na kibati.

Hatua ya nne, angalia upepo wa matairi. Tairi ndiyo springi ya kwanza ya gari, na wengi wanaendesha kwenye murram matairi yakiwa magumu kama jiwe. Kama mzigo ni mdogo, kushusha upepo kidogo kunapunguza mapigo. Lakini punguza na mwendo, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Gari lililojaa lisishushwe upepo ovyo, tairi laini lenye mzigo mzito linapata joto na kupasuka.

Hatua ya tano ndiyo uamuzi. Jiulize: mzigo wangu ni wa kila siku, au unakuja na kuondoka?

Kama gari lako limejengwa kwa safari moja tu, lina keria, hema, friji, matanki ya maji, na vitu hivyo havishuki hata siku moja, basi springi za kiwandani zinaonewa. Hapo kubadilisha ni haki. Mwambie muuzaji idadi ya kilo za kudumu, mbele ngapi, nyuma ngapi, kwa maana springi nzuri za kubadilishia huuzwa kwa kipimo cha mzigo. Weka na shokapu zinazolingana nazo, maana shokapu laini haiwezi kuituliza springi ngumu. Boliti za kufunga majani ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita mia chache. Hakikisha mipira ya breki ni mirefu ya kutosha, fimbo ya ile vali imerekebishwa, na taa za mbele zimeelekezwa upya. Na jumla ya uzito ibaki chini ya ule wa kibati.

Kama gari lako leo limejaa na kesho ni tupu, kama la kwetu, baki na springi za kiwandani zilizo nzima. Weka shokapu bora, na upunguze mzigo.

(Muziki mfupi.)

Sisi tulikuta nini? Mizani ilionyesha kwamba kwa safari ile ya watu wanane na hema, tulikuwa tumepita uzito unaoruhusiwa kwa kilo 140. Shokapu mbili za nyuma zilikuwa zinavuja. Springi zenyewe zilikuwa nzima.

Mkutano ulikuwa mkali. Dereva alisema tukipunguza abiria tunapunguza mapato, na hakukosea. Mzee wetu mmoja akajibu kwamba gari hili ndilo shamba letu, na mtu hachomi shamba ili avune haraka. Tulipiga kura. Tumenunua shokapu nne mpya na bushi za nyuma. Wageni wakikodi na hema, watu hawazidi watano. Safari za Nakivale, keria na hema vinabaki nyumbani kwa mweka hazina. Dereva ana daftari, anaandika kilo kabla ya kuwasha gari.

Bima imelipwa. Mama wawili kati ya wale watatu wamekopeshwa ada, wa tatu atapata mwezi ujao. Hatukupata kila kitu.

Kama una gari, au hisa katika gari, kesho asubuhi kabla ya safari soma kile kibati. Halafu uwaambie wenzako namba uliyoiona. Njiani, mpola mpola, kama wanavyosema wenyeji wetu hapa.

Tukutane wiki ijayo, saa hii hii.

(Muziki wa kufunga.)