Samaki Kila Siku, na Damu Bado Haitoshi

Mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, aliyemfuata mumewe mfanyabiashara hadi Rongo, mji ulioko kwenye barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, alituandikia barua ndefu. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akimeza vidonge vya madini ya chuma. Kila alipokwenda kutibiwa aliangaliwa kope na viganja, akaambiwa damu ni chache, akapewa vidonge vingine. Mara kadhaa alitibiwa malaria. Wifi zake walisema ni machovu ya kulea, na jirani mmoja akasema ni jicho la hasidi.

Lililomtia hofu hatimaye halikuwa uchovu. Lilikuwa miguu. Aliposimama kuswali usiku, taa zikiwa zimezimwa, alihisi kana kwamba anakanyaga pamba, akalazimika kuushika ukuta. Alipotawadha na kufumba macho ili kuosha uso, aliyumba. Ulimi wake ulikuwa mwekundu na laini kama uliopigwa pasi, na pilipili hakuiweza tena.

Swali alilotuuliza ni hili: ameambiwa sasa kwamba mwilini mwake hamna vitamini B12. Yakosekanaje, naye yuko jirani na ziwa, anakula omena, ngege na mbuta takriban kila siku?

Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala hii, kwani ndani yake mna nusu ya jawabu. Mtu asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa aweza kuikosa B12 kwa sababu ya chakula. Lakini mla samaki akiikosa, yafaa lawama iondoke jikoni na uchunguzi uhamie tumboni.

Tumbo, katika utando wake wa ndani, hutoa asidi, na pamoja nayo protini moja iitwayo intrinsiki fakta. Kazi ya protini hii ni kuifumbata vitamini B12 na kuisindikiza mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, ambako ndiko uliko mlango wake wa kuingilia damuni. Bila ya msindikizaji huyo, vitamini hupita na kutoka. Mtu atakula maini asubuhi na jioni asifaidike ila kwa chembe ndogo mno. Kwa baadhi ya watu kinga ya mwili, ambayo yapaswa kupigana na vijidudu, huwageukia wenyeji wake. Hutengeneza kingamwili za kuzishambulia seli za tumbo zinazotoa protini hiyo, na nyingine za kuikamata protini yenyewe. Ini huwa na akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo maradhi huja polepole, na mgonjwa huzoea udhaifu wake mpaka akadhani ndiyo tabia yake. Madaktari huyaita anemia penisiosa, yaani upungufu wa damu wenye kuangamiza, na kabla ya mwaka 1926, George Minot na William Murphy wa Marekani walipoonyesha kwamba kula maini kwa wingi huwaokoa wagonjwa, jina hilo lilikuwa la haki.

Sehemu kama Rongo ina sababu nyingi za kumfanya tabibu asiyafikirie maradhi haya. Malaria ya ukanda wa ziwa hula damu. Seli mundu iko. Minyoo iko. Wanawake, kwa hedhi na uzazi, hupungukiwa na madini ya chuma, na hilo ndilo la kawaida kuliko yote. Hatumlaumu mtu kwa kulianza. Juu ya hayo, vitabu vya zamani vilifundisha kwamba anemia penisiosa ni ugonjwa wa wazee wa Kizungu wa kaskazini. Fundisho hilo limeshapingwa. Mwaka 1978 watafiti wa Los Angeles walionyesha kwamba wanawake weusi huweza kuupata wakiwa na umri mdogo zaidi, na kingamwili zikiwa nyingi zaidi. Mwaka 1994 utafiti uliofanywa Zimbabwe kwa wagonjwa 144 wenye anemia ya chembe kubwa ulikuta kwamba chanzo kikuu kilikuwa ukosefu wa B12, na mara nyingi nyuma yake ilikuwepo anemia penisiosa.

Tukasema chembe kubwa. Hapa ndipo kipimo cha kwanza kinapoanzia, nacho ni hesabu kamili ya damu. Upungufu wa chuma huzifanya chembe nyekundu kuwa ndogo. Ukosefu wa B12 huzifanya kubwa. Kwenye karatasi ya majibu kuna herufi MCV, na ikizidi 100 yafaa mgonjwa amuulize daktari kwa nini. Hata hivyo mama mwenye upungufu wa aina zote mbili, au mwenye thalasemia, ambayo huku pwani si ngeni, aweza kuonekana na chembe za kadiri, moja ikiificha nyingine. Tena baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI, na dawa ya haidroksiyurea wanayopewa wagonjwa wa seli mundu, huzikuza chembe bila ya vitamini kupungua. Na metformini, ambayo wengi wetu wenye kisukari twaimeza kila siku, hushusha B12 kwa miaka.

Baada ya hapo hupimwa kiwango cha B12 chenyewe. Kikiwa chini, ndipo hutafutwa kingamwili. Kipimo cha kingamwili za intrinsiki fakta ni shahidi mkweli lakini hahudhurii kila kesi: akionekana, karibu hakuna shaka, asipoonekana, ugonjwa haujakanushwa, kwani wagonjwa wengi hawana kingamwili hizo. Kipimo cha seli za tumbo ni kinyume chake. Hupatikana kwa wagonjwa wengi zaidi, lakini hupatikana pia kwa watu wazima wasio na dalili yoyote. Aliyepata jibu la hapana asikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya chuma ikiwa miguu yake yafa ganzi.

Vipimo hivi havifanywi katika kila maabara ya mji mdogo. Kwa kawaida damu hutolewa hapo na kusafirishwa hadi maabara kubwa. La kuzingatia ni utaratibu. Sindano ya B12 ikitangulia, majibu yaweza kupotoka kwa siku kadhaa. Basi damu itolewe kwanza, na ikiwa mishipa ya fahamu imeguswa, sindano ichomwe siku ile ile pasi na kungoja majibu.

Twataka kukaa kidogo kwenye foliki asidi, kwa sababu yawahusu wanawake hasa. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza anemia ya wajawazito, na miongoni mwa waliokuwa wakiumia zaidi walikuwemo wanawake maskini wa Kiislamu. Aliwaponya kwa dondoo la hamira, na kilichokuwamo baadaye kikajulikana kuwa foleti. Ni neema kwa wajawazito, na kliniki zetu hufanya vyema kuitoa. Lakini ikimezwa peke yake na mwenye kukosa B12, damu hupanda, kila mtu hufurahi, na mishipa ya fahamu huendelea kuharibika chini kwa chini. Naye mama mwenye upungufu huo akinyonyesha, maziwa yake hayana B12 ya kutosha, na mtoto ndiye huchelewa kukaa na kucheka.

Tiba ni sindano: nyingi katika wiki za mwanzo, kisha moja kila miezi miwili au mitatu, maisha yote. Vitamini hiyo siku hizi hutengenezwa kwa bakteria, si kwa maini ya mnyama. Kuhusu saumu, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, iliamua kwamba sindano za ngozi, msuli au mshipa zisizo za kulisha hazifunguzi, wala damu inayotolewa kwa kupimwa. Mwenye kutaka tahadhari aipange tarehe yake nje ya Ramadhani, nafasi ipo.

Mama wa Rongo alionekana na kingamwili za intrinsiki fakta. Uchovu ulimwondoka ndani ya wiki chache. Miguu yarudi taratibu, na daktari amemwambia wazi kwamba huenda ganzi kidogo ikabaki. Maradhi haya hupenda kufuatana na ya tezi la shingo na ya mabaka meupe ya ngozi, na huonekana katika ndugu wa damu. Basi amemwandikia dada yake aliyeko Mombasa, ambaye ana tezi na amekuwa akilalamika uchovu tangu mwaka jana. Dada ametolewa damu Jumatatu. Majibu yalikuwa hayajarudi tulipolipeleka jarida hili mtamboni.